Kabla Hamjagombana kwa Ajili ya Taa

Leo tuingie ndani ya nyumba, na tuanze na ule ugomvi wa saa mbili usiku. Mita ya LUKU imeanza kupiga kelele. Baba mwenye nyumba anapita chumba hadi chumba akizima taa na kuuliza nani ameacha ya korido ikiwaka. Watoto wamenyamaza. Mama yuko jikoni, na nyuma yake birika la umeme linachemka, limejazwa maji pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai ya mgeni.

Baba ana haki ya kuona uchungu, maana umeme ni pesa. Lakini tupige hesabu pamoja. Taa nyingi za siku hizi, hizi za LED, zinakula wati tisa hivi. Ukiwasha moja kwa muda wa saa tano kila siku, mwezi mzima itakuwa imekula uniti moja na kitu. Balbu ya zamani ya wati 60, ile inayounguza kidole ukiigusa, kwa muda huo huo inakula uniti 9. Kwa hiyo nyumba ambayo bado ina balbu za zamani izibadilishe, hapo hakuna mjadala. Ila nyumba iliyokwisha kuzibadilisha inagombania vitu vidogo. Birika la wati 2,000 likifanya kazi nusu saa kwa siku, ukijumlisha mara zote linapowashwa, linamaliza uniti 30 kwa mwezi. Birika moja tu, taa zaidi ya ishirini.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: nyumbani kinachomeza nishati ni joto. Kifaa kinachotoa mwanga kinakula kidogo, redio unayonisikilizia sasa inakula kidogo sana, simu ikichajiwa usiku kucha hata huwezi kuiona kwenye mita. Lakini birika, pasi, hita ya maji ya kuoga, jiko la koili, hivyo ndivyo vinavyoondoka na uniti. Na kwenye nyumba zinazopikia mkaa ni vile vile, ila hasara yake haipigi kelele kama mita, kwa hiyo hatuioni.

Turudi kwenye lile birika. Lita moja ya maji kuitoa kwenye bomba na kuifikisha kwenye kuchemka kunachukua takribani sehemu moja ya kumi ya uniti. Ukichemsha lita moja na nusu kwa kikombe kimoja, sehemu kubwa ya umeme huo inapotea maji yakipoa pale mezani, halafu baada ya saa moja unaanza upya. Bibi zetu walikuwa na jibu la jambo hili: chupa ya chai. Chemsha mara moja asubuhi, jaza chupa, kunyweni hadi mchana. Pasi nayo ni hivyo hivyo. Kupasha pasi kila asubuhi kwa shati moja la sare ni kulipia kupasha moto chuma siku tano kwa juma. Sare zote zikinyooshwa Jumapili jioni, pasi inapashwa mara moja.

Sasa maharage. Hapa naomba uvumilivu, maana maharage yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Ni chakula cha nyumba nyingi kutoka Mbeya hadi Kigoma hadi hapa Dar es Salaam, na ni mboga inayokula moto kuliko karibu zote tunazopika. Maharage makavu yaliyotiwa sufuriani bila kulowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili, hata tatu. Yale yale yakichambuliwa usiku, yakalowekwa kwenye maji mengi hadi asubuhi, yanaiva kwa muda mfupi zaidi kwa mbali. Maji uliyolowekea yamwage kwenye mchicha, weka mapya. Hapo umeokoa mkaa kabla hujawasha kiberiti.

Kisha tazama sufuria inapochemka. Mpishi ana haraka, anaongeza mkaa na kupepea, moto unapanda, mvuke unajaa jiko zima. Lakini maji yakishachemka, yamefika mwisho wake. Kwa watu wa pwani ni nyuzi joto mia moja, na hata ungewasha tanuru chini yake hayatazidi hapo maadamu sufuria ni ya kawaida. Moto wote unaouongeza baada ya hapo hauivishi maharage haraka zaidi, unageuza tu maji kuwa mvuke. Maji yanapungua, unaongeza mengine ya baridi, sufuria inapoa, unaanza tena. Mwenye kujua anafanya kinyume: yakishaanza kuchemka anafunika na kupunguza moto, na kama jiko lake lina kidirisha cha hewa anakisogeza kibaki upenyo mdogo, halafu anaacha sufuria itokote taratibu. Maji yakihitajika anaongeza ya moto. Mkaa ule ule unafika hadi kwenye wali.

Na wali wenyewe, nani asiyejua kupalia? Maji yakikauka, unatoa makaa machache chini, unayaweka juu ya mfuniko, na wali unaiva kwa joto ambalo lingepotea bure. Ni elimu kubwa ya nishati, na aliyeifundisha pwani hii hakuwa na shahada ya uhandisi. Kikapu cha joto kinafuata akili hiyo hiyo: kapu lililosheheni vitambaa au pamba, unatia ndani sufuria iliyochemka vizuri, unafunika kila upande, unaenda zako shambani au dukani. Kwa wali kinafaa sana. Kwa maharage hakikisha kwanza yamelowekwa na yamechemka sawasawa kwa nusu saa au zaidi, maana maharage mabichi, hasa yale mekundu, yanaumiza tumbo.

Mwenye umeme na uwezo kidogo, ushauri wangu ni presha kuka ya umeme. Wengi wanaiogopa kwa kuwa wameshachomwa na jiko la koili, wanadhani kila kinachopika kwa umeme ni hasara. Presha kuka imefungwa, joto halina pa kutokea, na ikishafika kwenye presha yake inajizima na kujiwasha yenyewe. Sufuria ya maharage ya familia haifikishi uniti moja. Tatizo lake ni bei ya kuinunua siku ya kwanza, na hili silichukulii kwa wepesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Tumeona mitungi ya gesi ikigawiwa kwenye mikutano, na anayegawa anastahili shukrani. Lakini mtungi unahitaji kujazwa, na anayejaza analipa pesa ya mtungi mzima kwa mkupuo, wakati mkaa unauzwa kwa kopo, kwa kipimo cha pesa aliyonayo mtu siku hiyo. Mwenye kipato cha siku kwa siku hawezi kulaumiwa kwa kurudi kwenye kopo. Ndiyo maana nasema hata kwa wanaotumia mkaa leo, na watakaoutumia mwakani, jiko banifu na mfuniko wa sufuria ni mambo ya kuzungumzwa kwa uzito ule ule tunaozungumzia gesi.

Kwa nini nahangaika hivi na mkaa? Kwa sababu tanuri la udongo la kule msituni linahitaji kilo nyingi za kuni, mara nyingi sita hadi kumi, kupata kilo moja ya mkaa. Na mkaa wa Dar es Salaam unatoka, miongoni mwa mahali pengine, Pwani na Morogoro. Sasa fikiri bomba lako linatoa maji ya wapi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka Mto Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, ikashuka hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini mkoani Pwani. Gunia lililoegeshwa kando ya barabara na maji ya kwenye ndoo yako vinatoka upande mmoja wa nchi. Mti unapoanguka kwenye mteremko, mvua haizami ardhini kama zamani, inateleza na udongo, na mto unajaa haraka na kukauka haraka.

Tuliyaona haya Oktoba 2022. Mvua zilikosekana, Ruvu ikapungua, na uzalishaji wa maji ukashuka kutoka takribani lita milioni 466 kwa siku hadi karibu milioni 300. Mgao wa maji ukatangazwa. Mnakumbuka foleni za madumu, mnakumbuka bodaboda zimefungwa madumu manne manne. Visima vya Kigamboni vikatusaidia, na Bwawa la Kidunda, lililokuwa likizungumzwa kwa miaka mingi, likaanza kujengwa. Ni hatua nzuri. Lakini mgao ule ulitufundisha pia jambo la nyumbani: kwa majuma yale kila mtu alijua ametumia ndoo ngapi, na kila ndoo ilikuwa na kazi zaidi ya moja.

Mtazameni mama anayefua Jumamosi kwa maji ya kununua. Ana mabeseni matatu. La kwanza lina sabuni, la pili suuza ya kwanza, la tatu suuza ya mwisho. Nguo nyeupe zinaanza, za rangi zinafuata, za kazi na matambara zinamalizia. Maji ya suuza ya mwisho yakikolea kidogo yanasogezwa kuwa suuza ya kwanza. Yale ya sabuni yanadeki baraza, na yanayobaki yanaingia chooni. Hakuna tone linalokwenda kabla halijafanya kazi mbili. Sasa mtazame yule mwenye mashine ya kufulia na tanki la lita 5,000 juu ya mnara. Sisemi mashine ni dhambi. Nasema semina za kubana matumizi ya maji zikienda kwa yule wa mabeseni matatu zimekosea anwani.

Maana yule wa mabeseni analipa ghali zaidi. Ukinunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 200, lita elfu moja zimekugharimu shilingi 10,000, na hiyo ni mara kadhaa zaidi ya bei ya uniti moja ya maji kwa aliyeunganishiwa bomba, na uniti hiyo ni lita elfu zile zile. Mwenye kulipa kidogo ndiye mwenye nafasi ya kumwaga. Kwa hiyo hapa naongea na wenye bomba ndani.

Jambo la kwanza kwako, angalia boya la tanki. Boya likiharibika, tanki linajaa na kumwagika usiku mzima, watu wamelala, na asubuhi unaona tu ardhi imelowa chini ya mnara, na mgomba umenawiri. La pili, choo. Choo cha kuvuta kinaweza kuvuja kimya kimya, bila sauti. Chemsha chai ya rangi iliyokolea, iache ipoe, imwage kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka, na mpira ni kitu cha bei ndogo. Na kama tangi lako ni lile kubwa la zamani, jaza chupa ya maji ya lita moja na nusu, ifunge, iweke ndani ya tangi mahali isipozuia mkono wa boya. Kila ukivuta, lita moja na nusu inabaki. Mwisho, kabla ya kulala soma mita ya maji na uandike. Asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapita bila ruhusa yako. Huo ni ukaguzi ambao mtoto wa darasa la tano anaweza kuufanya, na akipewa kazi hiyo ataifanya kwa bidii kuliko wewe.

Na mamlaka za maji nazo zisijifiche nyuma ya maneno yetu haya. Bomba likipasuka mtaani, maji yakatiririka siku nne yakigeuza barabara kuwa kijito, kumwambia mwananchi afunge bomba anapopiga mswaki ni kumwonea. Afunge, ndiyo. Na gari la mafundi nalo lije siku hiyo hiyo.

Nigusie taka, maana nazo zinaanzia pale pale jikoni. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vilivyoota shambani: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, makapi ya nazi, maembe yaliyooza msimu wake ukifika. Vikitengwa kwenye ndoo yao vinakuwa chakula cha mbuzi wa jirani au mboji ya mchicha. Vikichanganywa na chupa na pampasi ndani ya kiroba kimoja, vyote vinakuwa uchafu usiofaa kitu, na ule unyevu wake ndio unaonuka na kuita nzi. Kutenganisha ni suala la kuwa na ndoo mbili. Kwenye nyumba ya vyumba viwili isiyo na uwanja najua mboji haiwezekani, lakini mfuga mbuzi hakosi mtaa wa pili. Na chakula kilichoiva kisifike hata kwenye ndoo. Kiporo cha wali na maharage kilichopashwa hadi kikachemka ni kifungua kinywa cha heshima, na sielewi ni lini tulianza kukionea aibu.

Anayedhani taka zikishapakiwa kwenye gari zimekwisha, namkumbusha habari ya Tabata, hapa Dar es Salaam. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake pale, zinawaka na kufuka moshi katikati ya makazi, hadi wakazi wakaenda mahakamani. Shauri la Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji lilifunguliwa mwaka 1988. Mahakama ikaamuru dampo lifungwe, jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, na akalihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo. Zikahamia Vingunguti. Leo ziko Pugu Kinyamwezi. Kila zinakohama kuna watu wanaishi, na wanavuta hewa kama wewe. Wanaozichoma uani ili wasilipe mzoaji ndio wanaofanya baya zaidi, maana moshi wa plastiki unaingia kwanza kwenye vifua vya watoto wao wenyewe. Na tusiseme Watanzania hawabadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku bara, na watu wakarudi kwenye vikapu.

Nimeacha la mwisho, na kwangu ndilo zito, kwa sababu linahusu wapangaji, nao ni wengi sana katika miji yetu. Nyumba ina vyumba vitano na mita moja ya LUKU. Kila chumba kinachanga sawa. Huyu ana taa na redio, yule ana friji na jiko la koili, wa mwisho ananyoosha nguo za biashara. Katika utaratibu huo, anayebana matumizi anamlipia asiyebana, na akigundua hivyo naye anaacha kubana. Ugomvi wa wapangaji wengi chanzo chake ni hapa, siyo tabia mbaya.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, mbali na kodi na tozo. Bei ya kundi la kawaida ni shilingi 292. Chukua vyumba vyetu vitano, kila kimoja kikatumia uniti 40. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 4,000. Wakiwa pamoja, mita inasoma uniti 200, nyumba nzima inahesabiwa katika kundi la kawaida, na fungu la kila chumba linafika shilingi 11,680. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini haimfikii, kwa sababu tu mlango wake uko kwenye korido moja na milango mingine minne.

Mwenye nyumba unayenisikiliza, ongea na TANESCO kuhusu mita zaidi. Ukiona gharama hiyo hujaifikia, mwite fundi umeme mwenye leseni afunge mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Haitarudisha bei ya shilingi 100, lakini kila mtu ataona anachokula, na kila mwezi mtagawana kwa haki. Andikeni namba za kila mita kwenye karatasi, ibandikwe koridoni mahali pa wazi, tarehe moja kila mwezi, wapangaji wote wawepo wakati zinasomwa. Nanyi wapangaji msisubiri kodi ipande ndipo mkumbuke kudai. Daini mita sasa, wakati mkataba bado haujaandikwa upya.